Mwongozo Kamili: Kuchagua Vakyumu Inayoondoa Manyoya ya Paka na Mbwa kwa Nyumba za Dodoma

Kosa ni lilelile kila mara. Mtu anaingia dukani, anauliza ipi ina nguvu zaidi, anaoneshwa namba kubwa iliyobandikwa ubavuni, wati 2,000 au 2,400, analipa na kurudi nyumbani. Vumbi linaondoka vizuri. Manyoya ya paka yanabaki palepale kwenye kochi. Baada ya mwezi mashine iko juu ya kabati na dada wa kazi amerudia fagio.

Hata mimi mara ya kwanza nilinunua hivyo. Nakaa Nzuguni, kando ya barabara ya vumbi, na nina paka wawili na mbwa mdogo anayelala ndani. Nilitoa hela mara mbili kabla sijaelewa jambo moja: kinachong'oa unyoya kwenye kitambaa ni brashi. Kazi ya mota ni kuubeba ukishang'oka. Ukilishika hilo, hutababaishwa na namba za kwenye boksi.

## Andaa hivi kabla hujatoka nyumbani

- Futi ya kupimia, ile ya fundi seremala au ya fundi cherehani.
- Kopo lenye mfuniko, lililojaa manyoya ya mnyama wako mwenyewe. Mchane siku mbili tatu utapata ya kutosha.
- Kikopo cha vumbi la dirishani. Kwa Dodoma hili halikosekani.
- Kipande cha kapeti linalofanana na lako, au mto mmoja wa kochi.
- Kitambaa cheusi, tishu, na tochi ya simu.
- Glavu ya mpira ya kuoshea vyombo.
- Karatasi na kalamu.

Usione aibu kuingia dukani na kopo la manyoya. Utakayeishi na hiyo mashine ni wewe.

## Hatua ya 1: Tafuta manyoya yanakokaa

Asubuhi jua likiingia kwa ubavu, fungua pazia, zima feni, uinamie sakafu uangalie usawa wa macho. Kisha vaa glavu ya mpira, iloweshe kidogo, na uipitishe kwa kuvuta upande mmoja juu ya makochi, kapeti, godoro na viti vya gari. Manyoya yatajiviringa mbele ya glavu kama kamba nene. Kila mahali andika: mengi, kiasi, au hakuna.

Kwa nini tunaanza hapa? Kwa sababu kila sehemu ina tabia yake. Nyumba nyingi nilizoingia Kisasa, Ilazo na Area D ni za namna moja: sakafu ya vigae, kapeti moja kubwa sebuleni, makochi ya kitambaa. Kwenye vigae unyoya hauna pa kushika. Mlango ukifunguliwa unakimbia na upepo, unajikusanya nyuma ya friji na chini ya kitanda. Pale karibu mashine yoyote itauchukua. Kwenye kochi na kapeti ndiko kwenye vita, na huko ndiko pesa yako iende.

Ukimaliza, pima kutoka kila soketi hadi kona ya mbali ya chumba. Nyumba zetu nyingi zina soketi moja au mbili kwa chumba, na waya wa mashine ukiwa mfupi utalazimika kutumia ekstensheni, jambo ambalo nitalirudia kwenye hatua ya 6.

Umefaulu ikiwa una karatasi inayosema, kwa mfano: "Kochi mengi, kapeti mengi, vigae kiasi, umbali mrefu kuliko wote mita 6."

## Hatua ya 2: Chagua kichwa kwanza, mashine baadaye

Hapa naomba uende polepole, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Kichwa ni ile sehemu ya mwisho wa bomba inayogusa sakafu au kochi.

Unyoya wa paka unaonekana kama uzi laini tu, lakini una magamba madogo mno yasiyoonekana kwa macho, na ncha yake imechongoka. Paka akijilaza kwenye kochi, unyoya unajichomeka katikati ya nyuzi za kitambaa, na kila anayekaa juu yake anausindilia ndani zaidi. Ongeza hewa kavu ya Dodoma, hasa Juni hadi Oktoba. Unajua unavyovua sweta usiku wa Julai likatatarika na kukusimamisha nywele? Umeme huohuo wa msuguano ndio unaogandisha unyoya kwenye kitambaa. Hewa ya mashine ikija peke yake, inapita juu kama upepo unavyopita juu ya nyasi. Nyasi zinainama, haziondoki.

Kinachouondoa ni kitu kinachokwaruza na kuinua: brashi inayozunguka. Kuna vichwa vya aina nne.

Kichwa bapa cha kawaida. Ni kile chenye kitufe cha kukanyaga, brashi inatoka au inaingia. Kinafaa vigae. Kwa manyoya ya kwenye kapeti hakitoshi, hata mota iwe ya namna gani.

Kichwa cha brashi inayozungushwa na hewa. Wauzaji wanakiita turbo. Ndani kina kipangaboi kidogo. Hewa inayofyonzwa inakizungusha, nacho kinazungusha brashi. Ni cha bei nafuu na hakina mambo mengi ya kuharibika. Udhaifu wake ni kwamba kinategemea hewa. Filta ikiziba au mfuko ukijaa, brashi inapunguza mwendo. Ukikikandamiza kwenye kapeti la manyoya marefu, kinaweza kusimama kabisa.

Kichwa chenye mota yake. Umeme unapita kwenye mpira unaokunjika na bomba hadi kichwani, na brashi inazungushwa na mota ndogo iliyo humohumo. Hakisimami kwa urahisi. Ndicho ninachokitumia sasa, na kama una kapeti nene na mnyama anayenyonyoka mwaka mzima, nakushauri ujikaze ukifikie.

Brashi ndogo ya kochi. Upana wake ni kama kiganja, nayo iwe ya kuzunguka. Kile kidude chenye kitambaa chekundu kama mswaki mfupi kinasaidia kiasi, ila kinachosha mkono. Kama karatasi yako ya hatua ya 1 inasema "kochi mengi", usinunue mashine isiyo na brashi ndogo inayozunguka, au ambayo huwezi kuipata pembeni.

Tahadhari mbili. Kwanza, brashi yenye nywele ngumu ikizunguka juu ya vigae inarusha mchanga na manyoya nyuma, yanakupiga miguuni, na mchanga unakwaruza sakafu. Tafuta kichwa chenye swichi ya kuzima brashi, au chenye rola laini la kubadilisha.

Pili, angalia ncha za brashi. Manyoya mafupi ya mbwa hayasumbui sana huko. Kinachosumbua ni nywele za kichwani: rasta, nywele za bandia zinazodondoka siku ya kusuka, na uzi wa kapeti. Zinajizungusha kwenye brashi, zinaingia kwenye beringi pembeni, brashi inakaba na plastiki inayeyuka kwa joto. Kwa hiyo brashi lazima itoke kwa urahisi, kwa kusukuma kitufe au kuzungusha sarafu ya shilingi mia. Ukiona imefungwa kwa skrubu zilizofichwa, achana nayo.

Umefaulu ikiwa unaweza kumwambia muuzaji, "Nataka yenye kichwa cha brashi inayozunguka na brashi ndogo ya kochi," kabla hujataja wati.

## Hatua ya 3: Soma namba zinazohusika

Wati ni umeme unaoliwa na mashine. Haikuambii inavuta kiasi gani. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1,600 kwa vakyumu mpya za kawaida za nyumbani kuanzia Septemba 2014, ukashusha hadi chini ya wati 900 kuanzia Septemba 2017. Watu wa huko hawakurudi kwenye mafagio. Viwanda vilitengeneza vichwa na njia za hewa vilivyo bora, basi.

Namba ya kuuliza ni nguvu ya kufyonza, inayoandikwa kwa kilopaskali, kPa. Kwa mashine ya waya mimi naanzia kPa 18. Lakini jua kuwa kipimo hicho huchukuliwa mdomo ukiwa umezibwa kabisa, na manyoya hayabebwi na mdomo uliozibwa. Yanabebwa na hewa nyingi inayopita kwa kasi. Kwa hiyo kPa itumie kuchuja zile dhaifu, uamuzi wa mwisho uuache kwenye jaribio la hatua ya 7.

Kwa mashine za betri, namba kubwa iliyoandikwa huwa ni ya kasi ya juu kabisa, na dakika zilizoandikwa huwa ni za kasi ya chini. Uliza yote mawili kwa kasi moja: "Ikiwa kwenye kasi ya juu, inakaa dakika ngapi?"

## Hatua ya 4: Filta na mfuko, kwa vumbi letu

Dodoma ni nusu jangwa, mvua ni za msimu mmoja, na upepo hauna huruma. Vumbi linaloingia dirishani ni laini kama unga. Mashine inayofanya kazi vizuri kwenye mji wa mvua nyingi inaweza kuziba hapa kwa wiki mbili. Manyoya yakichanganyika na vumbi hilo yanatengeneza kitu kama blanketi la kijivu juu ya filta, hewa haipiti, na mwenye mashine anadhani mota imekufa.

### Mfuko au tangi?

Mashine ya tangi la plastiki inaonekana, unaona uchafu ukizunguka, hununui mifuko. Ila kila ukimwaga, vumbi linapaa, na filta itabidi kuoshwa mara kwa mara. Ya mfuko inakushikia vumbi na manyoya ndani. Unatoa mfuko mzima na kuutupa. Nyumba yenye mtu wa pumu au mafua ya vumbi, mfuko ni bora zaidi.

Shida ya mfuko ni upatikanaji. Kabla hujalipa, ingia maduka matatu uulize mifuko ya modeli hiyo. Kama haipo Dodoma na inabidi iagizwe Kariakoo, nunua pakiti mbili siku hiyohiyo unayonunua mashine. Mifuko ya kitambaa ya kufua na kurudisha inapatikana, lakini matundu yake ni makubwa kwa vumbi letu. Vumbi linapita hadi kwenye filta ya mota na kuiziba.

Ukichagua tangi, taka filta ya kuoshwa na ununue ya pili ya akiba. Sababu ni rahisi: filta iliyooshwa inahitaji saa 24 ikauke, na watu hawasubiri. Ikirudishwa mbichi inatoa harufu ya mbwa aliyenyeshewa, na unyevu unavutwa hadi kwenye mota.

### Filta ya kutolea hewa

Wengi hudhani aleji ya paka inatokana na manyoya. Inatokana na protini iliyo kwenye mate na mafuta ya ngozi ya paka. Paka akijilamba inaganda kwenye manyoya, ikikauka inakuwa chembechembe ndogo zinazoelea. Vakyumu yenye filta mbovu inazifyonza sakafuni na kuzipuliza usawa wa pua.

Tafuta maandishi HEPA H13, yaani filta ya kunasa chembe ndogo sana. Daraja hilo linazuia asilimia 99.95 ya chembe ndogo, hata za ukubwa ule ulio mgumu kuliko wote kunasa. H12 ni asilimia 99.5. Kukiandikwa tu "HEPA type" bila daraja, usilipie zaidi kwa ajili ya neno hilo. Na filta nzuri ndani ya mwili unaovuja ni kazi bure. Angalia kama mfuniko una mpira wa kuzibia unaozunguka ukingo wote.

## Hatua ya 5: Umbo la mashine

Hapa nitapita haraka.

Ya kuburuta, yenye mpira na bomba, ndiyo chaguo langu kwa nyumba yenye makochi, kwa sababu mkono unabeba bomba tu. Ya kusimama ni nzuri kwa kapeti kubwa, nzito kwenye kochi na ngazi. Ya betri ni raha, inafika kwenye gari, na umeme ukikatika unaendelea. Ila betri inachoka kadiri miaka inavyokwenda, na bila betri mbadala mashine yote inakuwa pambo. Ya duara inayojiendesha yenyewe inafaa vigae vilivyonyooka na mnyama mwenye adabu. Ikikuta kinyesi cha mtoto wa mbwa usiku, itakipaka nyumba nzima. Ya ndoo ya maji na makavu, kama zile za kuoshea magari, inavuta vizuri na kustahimili, lakini angalia kichwa chake. Nyingi huja na kichwa bapa peke yake.

Mkojo wa paka au sakafu yenye maji usivifyonze kwa mashine isiyo ya maji. Maji yakifika kwenye mota unaweza kupigwa shoti.

## Hatua ya 6: Umeme, plagi na mashine za mtumba

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Geuza mashine, soma kibandiko. Kikisema 220–240 V, sawa. Kikisema 100 V imetoka Japani, kikisema 120 V imetoka Marekani. Ukiichomeka ukutani kwako inaungua hapohapo, na harufu yake haitoki sebuleni siku nzima. Muuzaji atakwambia utumie transfoma. Transfoma ya kubeba wati 1,000 ni nzito, ina bei, na itakufanya usitumie mashine. Kataa.

Kwa mtumba wa volti sahihi, angalia mambo matatu. Nusa tundu la kutolea hewa baada ya kuiwasha dakika tano, kwa sababu harufu ya mnyama wa mtu mwingine haiishi. Chungulia kwenye matundu ya mota: cheche ndogo za samawati ni kawaida, cheche kubwa zinazozunguka zinaashiria kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme ndani ya mota, zimeisha. Kaboni fundi anabadilisha, ila zipunguze bei. Halafu kunja mpira taratibu urefu wote ukiangalia nyufa kwenye mikunjo.

Kuhusu ekstensheni: mashine ya wati 2,000 inavuta karibu ampea 9. Ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu haikuundwa kwa mzigo huo. Inapata moto, plastiki inalainika, na kapeti liko chini yake. Kama umbali wako wa hatua ya 1 unazidi waya wa mashine, nunua ekstensheni ya ampea 13 yenye waya mnene, na uifungue yote. Usiitumie ikiwa imeviringwa, joto hukaa katikati ya mviringo.

## Hatua ya 7: Jaribio la dukani

Hatua hii peke yake ingeniokoa hela niliyopoteza. Nenda asubuhi, duka halijajaa, na usalimie vizuri. Siku niliyonunua ninayoitumia sasa, kijana wa duka aliniambia, "Dada, hii ni wati elfu mbili, inavuta mpaka kokoto." Nikamjibu, "Asante kaka yangu, kokoto sina. Nina paka. Naomba uniwashie nijaribu." Akacheka, akaniletea soketi. Duka linalokataa kuwasha mashine mbele yako, shukuru na uondoke.

7a. Jaribio la manyoya. Tandika kipande chako cha kapeti. Nyunyiza manyoya kiasi cha ngumi moja, kisha yasugue kwa kiganja hadi yashike, kama paka alivyoyalalia wiki nzima. Ukiyaacha yakielea juu, kila mashine itafaulu na hutajua kitu. Pitisha kichwa mara tatu, polepole, mbele na nyuma. Usikandamize.

Sasa zima, geuza kichwa, uangalie. Hapa ndipo ukweli ulipo. Mashine dhaifu inakokota manyoya. Utayakuta yamejiviringa kidonge mbele ya mdomo au yamesokotwa kwenye brashi, na kwenye tangi hakuna kitu. Kapeti linaonekana safi kwa sababu manyoya yamehamia kichwani tu. Ukifika nyumbani, utayaacha kwenye kapeti la pili.

Umefaulu ikiwa manyoya mengi yako kwenye tangi au mfuko, brashi ina nyuzi chache, na glavu yako mbichi ikipita juu ya kapeti haipati kamba nene tena.

7b. Jaribio la kochi. Rudia kwa brashi ndogo kwenye mto. Sikiliza. Ikigusa kitambaa, sauti ya kuzunguka ishuke kidogo na iendelee. Ikinyamaza, imesimama, na huko nyumbani itasimama hivyohivyo.

7c. Jaribio la kuvuja. Mashine ikiwaka, pitisha tishu karibu na maungio: mpira na bomba, bomba na kichwa, mfuniko na mwili. Tishu ikivutwa kwenye ungio, hewa inaingia hapo badala ya kuingia mdomoni.

Kisha omba ruhusa ufyonze lile vumbi la dirishani, ukihakikisha kwanza filta na mfuko vimo ndani. Ziba tundu la kutolea hewa kwa kitambaa cheusi kwa sekunde chache tu, uondoe, uangalie chini ya tochi. Kitambaa kiwe cheusi kama kilivyokuwa. Kikiwa na ukungu wa kijivu, vumbi la Dodoma limepita mashine nzima na kutoka upande wa pili.

7d. Uzito na sauti. Ibebe kwa mkono mmoja hatua ishirini. Kama atakayeitumia zaidi ni dada wa kazi au mama mkwe, aje naye aibebe. Kuhusu kelele, soma desibeli. Tofauti ya 10, tuseme 70 na 80, sikio linaisikia kama maradufu, na mbwa wanasikia vizuri kuliko sisi.

## Hatua ya 8: Kulipa

Usilipe hela yote kwenye mashine. Katika kila shilingi 100,000 ya bajeti mimi natenga 15,000 ya mifuko, filta ya akiba na mkanda wa brashi kama unatumika. Modeli isiyo na vipuri ni ya kununua mara moja tu.

Dai risiti ya EFD yenye jina la modeli, si "vacuum 1" peke yake. Waranti iandikwe miezi mingapi, na nani anatengeneza: fundi wa hapa Dodoma au inasafirishwa Dar es Salaam kwa gharama zako? Piga picha risiti, maana wino wake unafutika. Na boksi litunze angalau mwezi mmoja.

## Hatua ya 9: Mwezi wa kwanza nyumbani

Usiiwashe siku ya kwanza. Iache sebuleni imezimwa siku mbili tatu, paka wainuse, wajisugue nayo. Siku ya kuiwasha, iwashe chumba cha pili mlango ukiwa umefungwa, mwenzio akimpa mbwa nyama. Mnyama aliyeogopa mashine anajificha chini ya kitanda, na hofu yenyewe inamwongezea kunyonyoka.

Kazi ifanye kwa mpangilio huu. Chana mnyama nje ya nyumba kwanza. Unyoya unaoishia kwenye kitana hautafika kwenye kochi. Fyonza kuanzia juu kushuka: mapazia, makochi, godoro, kapeti, vigae mwisho. Kwenye kapeti vuta polepole, mwendo wa mtu anayepiga deki kwa makini, kisha rudia kwa kukata njia ya kwanza, kwa sababu manyoya yamelala pande tofauti. Usitangulize fagio la chelewa. Linarusha manyoya hewani, na yatatua tena ukishamaliza. Madirisha ya upande wa upepo yafunge.

Mwaga tangi likifika theluthi mbili, usingoje mstari wa mwisho. Mwagia ndani ya mfuko wa takataka, nje, ukiupa upepo mgongo.

Kila Jumamosi pindua brashi. Pitisha mkasi kwenye mfereji wake, kata nywele zilizojizungusha, zitoe kwa vidole hadi kwenye ncha zote mbili. Inachukua dakika tatu. Nilipoiacha miezi miwili, nilitoa fundo la nywele za bandia nene kama kidole gumba, na chini yake plastiki ilikuwa imeanza kuungua.

Filta ikung'ute kila wiki wakati wa kiangazi, ya kuoshwa ioshe kila mwezi kwa maji baridi bila sabuni, na uianike kivulini penye hewa. Ile ya HEPA usiioshe kama haijaandikwa kuwa inaoshwa.

Mashine ikipoteza nguvu ghafla, usikimbilie kwa fundi. Chomoa plagi. Toa kichwa, weka kiganja kwenye mdomo wa bomba, chomeka, washa. Ikivuta kwa nguvu, tatizo liko kichwani. Isipovuta, chomoa tena, toa bomba, ujaribu kwenye mpira. Bado? Toa mpira, jaribu kwenye tundu la mwilini. Hapo ukisikia nguvu, mpira umezibwa. Angusha sarafu upande mmoja uone kama inatoka upande wa pili. Usiposikia nguvu hata hapo, fungua filta. Kwa nyumba yangu, mara nyingi jibu limekuwa filta, na mara moja lilikuwa soksi ya mtoto.